Wasomaji Wanauliza: Kinachobeba Paa la Jengo Dogo

SWALI: Ndugu mhandisi, ninajenga ukumbi mdogo wa kufundishia ushonaji, wenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 9. Kuta ni za tofali za saruji za inchi 6 na lenta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, imeshamwagwa. Paa litakuwa la mgongo wa tembo, yaani la miteremko miwili inayokutana kileleni, kwa bati la geji 28. Kwa sababu ya joto sitaki dari la bapa. Ninataka dari lifuate mteremko wa bati ili ndani pawe na nafasi na hewa. Fundi wangu amekubali kuondoa mbao ya chini ya kila kenchi (fremu ya mbao ya pembetatu inayobeba paa) na kuweka nyingine fupi karibu na kilele. Jirani yangu, ambaye naye ni fundi, anasema kuta zitafunguka. Nimsikilize nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Jirani yako anasema kweli, ingawa fundi wako hajakosea kila kitu. Paa linaweza kusimama bila mbao ya chini, lakini si kwa namna hiyo anayoipendekeza.

Mbao mbili za mteremko zinapokutana kileleni huegemeana, na uzito wote wa paa hushuka kwenye miguu yake iliyokaa juu ya ukuta. Hapo ukutani uzito hauelekei chini peke yake. Sehemu yake husukuma ubavuni, kuelekea nje ya jengo. Mtu aliyesimama akiwa amepanua miguu kwenye sakafu yenye maji anaujua msukumo huo. Mbao ya chini ya kenchi ndiyo inayoifunga miguu hiyo miwili isiachane. Kwa kuwa dari nalo hupigiliwa hapo hapo, wengi huidhania kuwa ni mbao ya dari tu, na ndiyo maana huondolewa kirahisi siku mwenye nyumba anapobadili mawazo juu ya dari. Ikishaondolewa, kazi ya kuzuia msukumo inabaki kwa ukuta, na ukuta wa tofali wa inchi 6, ambao unaweza kubeba mzigo mkubwa unaoshuka wima, hauna nguvu ya maana ya kuzuia kitu kinachousukuma ubavuni kwenye ncha yake ya juu.

Tuipime kwa hesabu ya ukumbi wako. Tuseme bati, papi (mbao za mlalo ambazo bati hupigiliwa juu yake), kenchi, dari na fundi anayepanda siku ya matengenezo vinafanya jumla ya kilo 30 kwa kila mita ya mraba iliyofunikwa. Kenchi zikipangwa kila baada ya mita 1.2, kila moja inabeba kilo 216. Kwa mwinuko wa nyuzi 20, kilele kitakuwa takriban mita 1.09 juu ya ukuta, na kila mguu utasukuma nje kwa nguvu ya karibu kilo 150. Ukilishusha paa hadi nyuzi 10, kama wanavyofanya wengi siku hizi ili kubana matumizi ya bati, msukumo unapanda hadi kilo 300 kwa mzigo ule ule. Ukilipandisha hadi nyuzi 30, unashuka chini ya kilo 100. Watu huliogopa paa refu kwa kulitazama, kumbe kwa habari ya kusukuma kuta, lililolala ndilo lenye ukali.

Sasa tuiangalie ile mbao fupi ya fundi wako. Kadiri kifungo, yaani mbao inayozifunga pande mbili zisiachane, kinavyosogezwa juu, ndivyo nguvu inayokivuta inavyoongezeka, kwa sababu umbali kati yake na kilele unapungua. Kikiwekwa theluthi moja ya kimo kutoka ukutani, zile kilo 150 zinakuwa 225; kikiwekwa katikati, zinakuwa 300; kikiwekwa robo tatu juu, ambako nadhani ndiko fundi anakotaka, zinakuwa 600. Misumari mitatu au minne ya inchi 4 haitashika mzigo huo. Hata ukitumia bolti zikashika, bado sehemu ndefu ya mbao ya mteremko iliyo chini ya kifungo inabaki huru kupinda, na miguu itaachana vilevile. Ndiyo sababu wajenzi wa nchi nyingi hushika kanuni kwamba kifungo kisipande juu ya theluthi ya kwanza ya kimo cha paa. Mbao fupi ya karibu na kilele ina faida yake, nayo ni kuzuia mbao mbili za mteremko zisiachane huko juu upepo unapovuta. Haiwezi kufanya kazi ya ile ya chini.

Huhitaji kungoja nyufa ili ujue kama jengo la namna hiyo lina shida. Nenda kwenye jengo lolote lililoondolewa mbao za chini, simama mbali kidogo, utazame kofia za bati kileleni: zikiwa zimeshuka katikati na kubaki juu kwenye ncha mbili, tayari miguu imeshaachana. Kisha, ukiwa upande wa nje, teremsha timazi (uzi wenye uzito kwenye ncha) kutoka juu ya ukuta mrefu. Karibu na pembe uzi utakuwa sambamba na ukuta, kwa sababu ukuta wa upande mwingine unaushikilia, lakini katikati ya urefu utaona ncha ya timazi imejitenga na ukuta kwa chini, ishara kwamba juu ukuta umebenukia nje. Ufa ukitokea huwa wa mlalo, mstari mmoja au miwili ya tofali chini ya lenta, na fundi wa lipu huuziba kila mwaka bila kuuliza unatoka wapi.

Kuna njia mbili ambazo zingekupa ukumbi ulio wazi kwa juu. Ya kwanza, ambayo binafsi ningeichagua, ni kuviacha vifungo mahali pake lakini vichache na vya kupendeza. Lenta yako haiwezi kujizuia isipinde kuelekea nje kwa urefu wote wa mita 9 bila ukuta wa kukatiza, lakini kwa umbali wa mita 2.4 inaweza bila taabu. Kwa hiyo si lazima kila kenchi iwe na kifungo chake. Unaweza kufunga moja na kuruka moja, almradi ile mbao inayolazwa juu ya ukuta iwe imefungwa kwenye lenta kwa bolti, na miguu ya kenchi zote iwe imeshikamana nayo kwa vipande vya chuma. Hapo utakuwa na vifungo vitatu au vinne tu katika ukumbi mzima, kila kimoja kikivutwa kwa takriban kilo 300. Unaweza kutumia mbao iliyorandwa vizuri na kuiacha ionekane, au fimbo ya chuma laini cha mviringo cha milimita 12, ambayo kwa uimara wake inabeba zaidi ya kilo 1,000 bila wasiwasi.

Penye mashaka katika fimbo si chuma chenyewe, ni ncha zake. Fimbo ipite kwenye kiungo cha mguu wa kenchi, na upande wa nje iwekewe bamba la chuma kabla ya nati, ili nati isizame ndani ya mbao. Kuikunja na kuipigilia misumari, au kuizungushia waya wa kufungia nondo, ni kupoteza fedha. Tena ujue kwamba fimbo nyembamba huvuta tu. Upepo mkali ukiliinua paa, miguu hutaka kuingia ndani badala ya kutoka nje, na fimbo itapinda bila kuzuia chochote, wakati mbao ingezuia pande zote mbili. Mahali penye upepo mwingi ningetumia mbao.

Njia ya pili ni kuweka mwamba unaobeba, yaani boriti ya kileleni ambayo mbao za mteremko huning'inia juu yake badala ya kuegemeana. Nyumba nyingi za udongo na miti za pwani zimejengwa hivyo siku zote: mwamba umekaa juu ya nguzo zilizochimbiwa ardhini, makombamoyo (miti ya mteremko) yamelazwa juu ya mwamba, na ukuta wa udongo, ambao usingeweza kuhimili msukumo hata kidogo, haubebi zaidi ya sehemu yake. Kilele kisiposhuka, miguu haina sababu ya kuachana.

Tatizo ni kwamba mwamba huo unabeba nusu nzima ya uzito wa paa, kwako wewe takriban kilo 90 kwa kila mita ya urefu wake, na mbao za kawaida za sokoni haziwezi kuvuka mita 9 na mzigo huo. Utahitaji nguzo moja katikati ya ukumbi, ili mwamba uvuke mita 4.5 kila upande. Kwa umbali huo, mbao mbili za inchi 2x8 zilizobanwa pamoja kwa bolti zinatosha kwa hesabu ya awali, ikiwa ni mbao kavu zisizo na vifundo vikubwa upande wa chini, na ikiwa maungio yanaangukia juu ya nguzo na si katikati ya hewa. Nguzo itapokea kama kilo 400, kwa hiyo iwe na msingi wake yenyewe. Usiisimamishe juu ya sakafu ya zege la inchi 3. Kuta mbili za ncha nazo zitapokea kama kilo 200 kila moja mahali mwamba unapokaa, na hapo uweke kitako cha zege, maana tofali tupu litapasuka. Ukumbi wa ushonaji wenye nguzo katikati ya meza za kukatia vitambaa si ukumbi ambao ningeufurahia, lakini hilo ni lako kuamua.

Vyovyote utakavyochagua, acha nafasi ya hewa kati ya dari na bati, iliyo wazi kwenye mapindo (kingo za paa zinazotokeza nje ya ukuta) na kileleni. Bila hiyo, dari la mteremko litakuletea joto lile lile ulilokuwa unalikimbia. Na kabla ya kupaua, mpe mhandisi wa eneo lako michoro na vipimo athibitishe hesabu hizi kwa mbao utakazonunua hasa.

SWALI: Nyumba yangu ya vyumba vitatu iliezekwa mabati miaka kumi iliyopita, na kenchi bado ni nzima. Sasa ninataka kuondoa mabati na kuezeka vigae vya zege. Muuzaji ananiambia inatosha kuongeza papi. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Si kweli. Bati la geji 28 lina uzito wa takriban kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba, na vigae vya zege vina kilo 45 hivi. Papi ni kweli zitaongezwa, kwa kuwa kila mstari wa vigae unahitaji yake, lakini papi hupeleka mzigo kwenye kenchi, na kenchi zako zilipangwa kwa ajili ya mzigo ulio sehemu ndogo ya huo. Msukumo nao, ule niliomweleza msomaji wa Morogoro, utapanda kwa kadiri hiyo hiyo, na viungo vya miguu ndivyo vitakavyoanza kufunguka, polepole, kwa sababu mbao iliyobebeshwa mzigo wa kudumu huendelea kupinda kwa miaka. Mara nyingi itakubidi uweke kenchi mpya kati ya zile za zamani na kuimarisha viungo vyote, na gharama yake usiitenge na bei ya vigae unapofanya hesabu. Ikiwa unachotaka ni sura ya vigae, yapo mabati yaliyofinyangwa kama vigae na kupakwa chembe za mawe, yenye uzito wa kilo 6 au 7 kwa mita ya mraba. Kenchi nzima zilizofungwa vizuri kwa kawaida huyapokea bila kubadilishwa, lakini zikaguliwe kwanza.

SWALI: Ndugu mhandisi, salaam. Duka langu la mita 4 kwa 5 lililo karibu na ufukwe liliezuliwa na upepo usiku. Paa halikuchanika, liling'oka zima, bati na kenchi pamoja, likaanguka uwanjani kwa jirani. Fundi anasema mbao zilikuwa nyepesi, tuweke nene zaidi na mawe juu ya bati. Ninaomba ushauri kabla sijanunua. (Mama mwenye duka, Kilwa)

JIBU: Pole sana, mama, na tushukuru kwamba lilianguka uwanjani. Maelezo yako yanaonyesha wazi mahali palipoachia. Bati lilishika papi, papi zikashika kenchi, kenchi zikashikana zenyewe kwa zenyewe. Kilichokosekana ni cha kuzifunga kenchi na ukuta. Mbao nene zingelifanya paa lile lile liruke likiwa zito zaidi kidogo.

Paa la bati tunalolijenga sisi lina tabia ambayo mafundi wengi hawaipi uzito unaostahili: kwa mwaka mzima hubeba mzigo mdogo unaoshuka, na kwa dakika chache hubeba mzigo mkubwa unaopanda. Upepo wa kilomita 108 kwa saa una shinikizo la kama kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Unapovuka juu ya paa lililolala huunda mvuto wa kuelekea juu, mkali kuliko kote kwenye kingo na pembe. Na ikiwa mlango mpana wa duka unaotazama bahari umefunguka, upepo unaoingia ndani unasukuma paa kutokea chini huku ule wa nje ukilivuta. Si ajabu jumla yake ikafika kilo 50 kwa mita ya mraba, hali bati, papi na kenchi vyote pamoja havifiki hata kilo 15. Pwani yenu ilipata kipimo kikubwa zaidi cha jambo hili mnamo Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika upande wa Mafia, lakini kwa paa lisilofungwa hata dhoruba ya kawaida inatosha.

Mawe yaondoe katika mpango. Ili kushinda kuinuliwa huko ungehitaji kama kilo 35 za mawe kwa kila mita ya mraba, yaani zaidi ya kilo 700 juu ya duka lako, na upepo ukilitikisa bati yatabingirika hadi kwenye kichwa cha mpita njia.

Kinachohitajika ni mnyororo usiokatika kutoka kwenye bati hadi kwenye msingi. Misumari ya bati yenye kofia ya mpira ipigwe kwenye mgongo wa mkunjo na si kwenye bonde, na kwenye kingo za paa ipigwe kila mgongo. Papi zifungwe na kenchi kwa vipande vya chuma vilivyokunjwa, kwa sababu msumari uliopigwa kutoka juu hushika vizuri mbao inapotaka kuteleza ubavuni, lakini mbao inapovutwa juu hung'oka kama ulivyoingia, hasa ikiwa mbao ilipigiliwa ikiwa mbichi kisha ikakauka na kusinyaa. Kiungo kilichokuangusha ni cha kenchi na ukuta. Hapo kila kenchi ishikwe na utepe wa chuma unaopita juu ya mguu wake na kushuka pande zote mbili za mbao ya ukutani, na mbao hiyo ya ukutani ifungwe kwa bolti za milimita 12 kila baada ya mita 1.2, zenye ncha ya chini iliyokunjwa na kuzungushwa kwenye nondo za lenta kabla zege halijamwagwa.

Hukuniambia kama duka lina lenta inayozunguka kuta zote. Kama ilikuwa juu ya mlango na dirisha tu, imwagwe mpya sasa, maana kufunga mbao kwenye tofali za juu ni kuzitafutia tofali hizo njia ya kuruka. Hata lenta yenyewe isitegemee uzito wake. Lenta ya sentimita 15 kwa 20 ina kilo 72 kwa kila mita, kwa hiyo kati ya kenchi na kenchi, zikipangwa kila baada ya mita 1.2, inapatikana kama kilo 86, na kwa duka lako, ukihesabu na mapindo ya sentimita 60, kila mguu wa kenchi unaweza kuvutwa juu kwa karibu kilo 110 baada ya kutoa uzito wa paa lenyewe. Tofauti hiyo ishikwe na nondo za wima zilizozikwa ndani ya ukuta kwenye pembe nne na pande mbili za mlango, kutoka kwenye msingi hadi ndani ya lenta. Ikiwa kuta hazina nondo hizo, fundi anaweza kubomoa tofali za pembeni kwa mpangilio wa meno meno na kumwaga nguzo ndogo za zege badala yake. Ni kazi ya siku chache kwa duka la ukubwa huo.

Kuhusu umbo, ikiwa bado hujaagiza mbao, liinue paa lifike karibu nyuzi 30 na uliezeke pande nne badala ya mbili. Paa la namna hiyo huvutwa kidogo kuliko la mgongo wa tembo lililolala, kwa sababu upepo haukutani na ukuta wa ncha uliosimama wima hadi kileleni. Mapindo yasizidi sentimita 60, na kama unataka kivuli kwa wateja mbele ya duka, baraza lijengwe na paa lake peke yake, lililo chini ya paa kubwa na lisilounganishwa nalo, ili likiondoka liondoke lenyewe.

Kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho, panda ngazi wewe mwenyewe au umtume mtu unayemwamini, bati likiwa bado halijawekwa. Hesabu tepe za chuma: ziwe mbili kwa kila kenchi, moja kila mguu. Shika nati za bolti moja moja, uone kama zimekazwa na zina washa (kipete cha chuma) pana chini yake. Bati likishafunika, hakuna atakayeziona tena.